Bi Kwanini na Kura ya Walio Zamu

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika Tume yetu ya Uchaguzi, dada yetu wa Kitengo cha Mapitio na Ushauri anarudisha funguo na kustaafu rasmi. Barua yake imeandikwa jina lake kamili na namba ya jalada. Humu ndani, hata hivyo, jina hilo hulitumia mhasibu peke yake. Sisi wengine tunamwita Bi Kwanini, na yeye huitika bila kinyongo.

Jina alilipata mwezi wake wa kwanza kazini. Alikuja na shahada ya sheria, viatu vya kisigino vilivyosikika tangu ghorofa ya chini, na tabia ya kutoruhusu sentensi ipite bila kuisimamisha na kuikagua. Mkuu wa kitengo enzi hizo, mzee mpole aliyependa mikutano mifupi, alikuwa akitupitisha kwenye kanuni za vituo. Akafika pale penye kusema milango ifunguliwe saa moja asubuhi.

"Kwa nini saa moja?" akauliza mgeni.

Mzee akajibu kwamba ndivyo ilivyo.

"Ndivyo ilivyo kwa nini?"

Mkutano uliopangwa kuisha kabla ya chai uliisha watu wakiwa na njaa ya mchana, na ikagundulika kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyejua saa moja ilitoka wapi. Mzee alimwita Bi Kwanini kwa hasira siku ile. Kabla ya wiki kuisha alikuwa anamwita hivyo kwa mapenzi.

Kwa wageni wa sherehe hii, ambao huenda wanadhani Tume hulala usingizi kati ya uchaguzi na uchaguzi, naomba nieleze kazi yenyewe. Washindi wakishaapishwa, na walioshindwa wakishanyamaza au wakishakwenda mahakamani, sisi ndio tunaanza. Tunasoma taarifa za wasimamizi wa vituo, hukumu za majaji na malalamiko ya vyama. Tunazunguka miji na vijiji kusikiliza wananchi. Kisha tunaandika ripoti: hiki kirekebishwe, kile kifutwe, hapa pana pengo. Wajumbe wa Tume wakiridhika, ripoti inakwenda bungeni, na mamlaka yetu yanaishia mlangoni pa bunge. Tume haitungi sheria, inashauri tu.

"Sisi ni kama shangazi wa bwana harusi," Bi Kwanini huwaambia waajiriwa wapya. "Tunasema, hatusikilizwi, wakikwama wanatuita. Sasa kazi ya shangazi ni nini? Asinune, na wakimwita awe tayari."

Mimi ni mwandishi wa kumbukumbu wa kitengo hiki. Nimekaa meza ya jirani yake kwa muda mrefu kiasi kwamba najua chai anayokunywa akiwa na furaha (sukari vijiko vitatu) na anayokunywa akikasirika (kavu, bila chembe ya sukari). Mengi nitakayosimulia niliyaona kwa macho yangu.

Jambo lililompa umaarufu lilianzia katika ukumbi wa mji mmoja mdogo, wenye mapangaboi yaliyozunguka kwa uvivu juu ya vichwa vyetu. Tulikuwa tukikusanya maoni baada ya uchaguzi. Asubuhi nzima tulisikia yale yale: vipaza sauti vya wagombea vina kelele, foleni ni ndefu, wino unachafua nguo. Karibu na mwisho akasimama mwanamke wa makamo aliyevaa sare ya hospitali.

"Mimi ni mkunga," akasema. "Humu ndani nawaona vijana wengi niliowapokea kwa mikono yangu hii, na baadhi yenu mlikuja mkilia kuliko mnavyolia leo kuhusu foleni."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Nimeizalishia nchi hii wapiga kura wengi kuliko mwanasiasa yeyote. Lakini kura yenyewe, jamani, sijawahi kupiga hata moja. Kila uchaguzi niko zamu. Mtoto tumboni hajui kama leo ni uchaguzi."

Watu wakampigia makofi, wakacheka tena. Bi Kwanini hakucheka. Alivua miwani akauliza lile swali lake.

"Kwa sababu nimeandikishwa kule ninakoishi, mama, na hospitali iko huku. Nikiondoka kwenda kupanga foleni, wale walio kitandani nimwachie nani?"

Njiani kurudi, tulipovuka daraja, Bi Kwanini akageuka ghafla. "Polisi wako zamu siku hiyo. Zimamoto wako zamu. Mafundi wa umeme wako zamu. Hata wewe uko zamu! Wewe umewahi kupiga kura tangu uajiriwe?"

Nikamwambia sijawahi. Kila uchaguzi nilikuwa napangiwa mkoa mwingine.

"Na ulikuwa unangoja nini kuniambia?"

"Na mimi, mama," akadakia dereva wetu, "usinisahau. Nimebeba masanduku ya kura mpaka mgongo umepinda, la kwangu sijaliona."

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa pendekezo la kura ya mapema: watu watakaokuwa kazini siku ya uchaguzi wapige kura yao Alhamisi, pale pale wanapofanyia kazi, na sanduku lao lihesabiwe Jumapili, siku ya uchaguzi wenyewe, pamoja na mengine. Aliliandika kwa ukurasa mmoja na nusu. Ripoti ikaenda bungeni, na pendekezo likarudi likiwa limepigwa mstari mwekundu.

Aliyelipiga mstari alikuwa mwenyekiti wa kamati ya bunge, mheshimiwa mmoja mwenye sauti nzito ambaye kila hotuba yake ilianza kwa neno "haiwezekani". Sisi tulimpa jina la Mheshimiwa Haiwezekani. Siku moja alilisikia, akalipenda. Bi Kwanini alipokwenda kujieleza mbele ya kamati, mheshimiwa akamkunjia uso.

"Haiwezekani, dada yangu. Kura inapigwa Alhamisi, inahesabiwa Jumapili. Hapo katikati sanduku linalala wapi? Linalala na nani? Mimi mke wangu nampenda sana, lakini hata yeye simwachii sanduku la kura."

Kamati nzima ikacheka. Lakini mheshimiwa yule hakuwa anafanya mzaha. Katika uchaguzi wake wa kwanza, sanduku moja lilipotea kati ya shule na ukumbi wa kuhesabia, na hakuliona tena. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Tulitoka pale mimi nikinung'unika. Bi Kwanini akaninyamazisha. "Mwache. Ameuliza swali la haki, na mimi sikuwa na jibu. Ukienda kushauri watu, chukua na maswali yao uende nayo nyumbani."

Uchaguzi mwingine ukaja, ukapita, na mapitio mengine yakaanza. Pendekezo likarudi kwenye rasimu, safari hii likiwa na saini za manesi, askari na wazimamoto. Hapa ndipo mambo yalipokwenda mrama, na si bungeni, ni humu humu ndani mwetu.

Mwenyekiti wa Tume wakati huo alikuwa jaji mstaafu, mtu mwadilifu na mwenye hofu ya kupoteza. Katika ripoti ile tulikuwa na mapendekezo mengine mazuri: matokeo yabandikwe kwenye mlango wa kila kituo, meza za kupigia kura zishushwe kwa ajili ya wanaotumia viti vya magurudumu. Jaji aliogopa kwamba kura ya mapema ingewaudhi wabunge, wakaitupa ripoti yote.

"Toa hilo moja, mwanangu," akamwambia mbele yetu sote, "tuokoe mengine."

Bi Kwanini akasimama. "Mheshimiwa Jaji, kazi yangu ni kushauri, na yako ni kuamua. Ushauri wangu ni kwamba libaki. Ukiamua litoke, litatoka, na sitanuna. Ila naomba ripoti iseme wazi kwamba wananchi waliliomba na sisi ndio tuliolitoa. Wasije wakadhani hawakusikika."

Jaji akaamua litoke, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akaruhusu sentensi ile iandikwe. Magazeti yakaiona. Yakaandika kwamba Tume inawaogopa wabunge. Simu zikalia kutwa nzima, na mwezi uliofuata Bi Kwanini akapewa barua ya uhamisho kwenda ghala la vifaa vya uchaguzi, "kwa manufaa ya utumishi".

Alilia. Nasema hili kwa ruhusa yake. Alifunga mlango wa ofisi yetu, akalia kilio cha mtu aliyejitahidi asilie, kisha akanawa uso, akarudi akijaribu kutabasamu. "Haya bwana. Nyinyi mna kabati moja lenye mlango mbovu. Mimi nimepewa ghala zima."

Nyumbani alikuta faraja ya namna yake. Mumewe, shemeji yetu, ni mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, akamwuliza: "Walikuuliza nini kule bungeni kikakushinda?"

"Sanduku linalala wapi na linalala na nani."

"Na sasa wamekupeleka wapi?"

"Kwenye masanduku," akajibu, na hapo ndipo alipoanza kucheka.

Ghala lile lilikuwa na joto la tanuri na harufu ya plastiki. Bi Kwanini alivua kisigino, akavaa raba, akawa mwanafunzi. Aliwauliza watunza ghala kila kitu: mfuniko upi hupinda, lakiri ipi huvunjika kwa bahati mbaya na ipi haivunjiki ila kwa nia mbaya. Aliwaomba wajaribu kuiba kura kwenye sanduku tupu, na walijaribu kwa furaha isiyo ya kawaida. Akaja na wazo jepesi ambalo hakuna mwanasheria kati yetu aliyelifikiria. Sanduku lililofungwa kwa lakiri liingizwe ndani ya kabati la wavu wa chuma, na kila chama kitie kufuli lake na kuondoka na ufunguo wake. Kisha mawakala wa vyama vyote wakae mbele yake kwa zamu, mchana na usiku. Linalala wapi? Mbele ya macho yenu. Linalala na nani? Na ninyi.

Jaji alisikia habari za kabati lile akashuka mwenyewe ghalani. Inasemekana alilizunguka mara mbili kabla ya kufungua mdomo.

"Ulinipa ushauri, sikuufuata," akasema. "Nina haki ya kuuomba tena?"

"Unayo, Mheshimiwa. Ndiyo maana kinaitwa Kitengo cha Mapitio."

Alirudishwa mezani kwake wiki hiyo hiyo. Muda si mrefu mbunge wa jimbo lenye ule mji na kule anakoishi mkunga akafariki, ikabidi uitishwe uchaguzi mdogo. Kanuni ziliruhusu Tume kufanya majaribio katika uchaguzi mdogo ikiwa vyama vyote vinakubali. Vyama viwili vikakubali mara moja. Cha tatu kilikuwa cha Mheshimiwa Haiwezekani, naye akakubali kwa sharti moja: atakuja mwenyewe kuona linavyoshindikana.

Alhamisi ile, katika chumba kidogo kilichokuwa stoo ya mashuka mwisho wa wodi ya wazazi, watu wa hospitali walipiga kura. Madaktari, wafagizi, wapishi, walinzi wa geti. Mkunga wetu alikuwa wa tatu kwenye foleni. Alipotoka alikuwa ameinua kidole chenye wino kama mtoto aliyeumia, hajui acheke au alie, na kabla hajaamua akaitwa wodini kwa kukimbia. Mtoto wa kwanza kuzaliwa mchana ule alipokelewa na mkono wenye wino.

Mawakala watatu wakaanza kulinda: kinyozi mmoja, mwanajeshi mstaafu, na binti mmoja muuza vitabu. Siku ya kwanza hawakusalimiana. Siku ya pili binti alileta drafti. Kufika Jumamosi walikuwa wanatuhumiana, lakini kwa sababu ya kete tu.

Jumamosi alasiri ikanyesha mvua ya kuvunja mabati. Dari ya stoo ikavimba, ikachanika, maji yakaanza kumwagika juu ya kabati. Ukutani kulikuwa na amri tuliyoibandika sisi wenyewe: sanduku lisiguswe na mtu yeyote mpaka Jumapili. Mawakala wakapandwa na wazimu.

"Likiguswa tumeibiwa!" akapiga kelele mwanajeshi.

"Lisipoguswa zinaoza!" akajibu kinyozi.

Binti muuza vitabu alikuwa amepanda juu ya kiti ameshikilia mwavuli wake juu ya kabati, naye analowa. Katikati ya vurugu hiyo akaingia Mheshimiwa Haiwezekani, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Nilisema mimi! Haiwezekani!"

Bi Kwanini alikuwa pekupeku, maji yanamfika vifundoni. "Mheshimiwa, haiwezekani kubaki, au haiwezekani kuhama?"

Mheshimiwa akatazama dari, akatazama kabati.

Bi Kwanini akampigia Jaji simu palepale, sauti ikisikika na wote, akapata idhini ya kuhamisha. Kisha akawageukia. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Hapa hakuna atakayelibeba peke yake na hakuna atakayebaki nyuma. Kila chama mkono wake. Na wewe Mheshimiwa, shika kona hiyo."

"Mimi?"

"Si ulikuja kuona? Utaona vizuri zaidi ukiwa umelishika."

Kabati lile lilikuwa zito kama dhambi. Walilinyanyua, makufuli matatu yakining'inia, wakatoka nalo koridoni hatua kwa hatua. Wagonjwa wakaja milangoni. Bibi mmoja aliyempakata mjukuu mchanga akapiga vigelegele, wengine wakaitikia, na mtu akauliza kwa sauti bwana harusi yuko wapi. "Angalia mguu wako, afande, unanikanyaga!" akafoka Mheshimiwa, shati lake jeupe limemganda mgongoni, lakini kona yake hakuiachia. Walilifikisha ofisi ya mganga mkuu, wakalitua chini, wakahakikisha kila mtu kufuli lake, kisha wakatazamana wanahema. Aliyeanza kucheka alikuwa Mheshimiwa. Alikaa nao mpaka jioni, akafungwa drafti na kinyozi, akadai marudiano, akafungwa tena.

Jumapili kura zikahesabiwa, hesabu ikakaa sawa, na chama cha Mheshimiwa kikashindwa kwa kura chache sana. Angeweza kusema neno moja tu, kazi yote ikazama. Ripoti ya majaribio ilipofika mbele ya kamati yake, aliinuka pole pole. Nilikuwa naandika kumbukumbu.

"Chama changu kilishindwa jimbo lile," akasema. "Na sanduku lile nililibeba mimi mwenyewe. Nikisema liliibiwa, mwizi ni nani?"

Kifungu kikapita. Tangu hapo manesi, askari, mafundi wa umeme na, ndiyo, maofisa wa Tume na madereva wao, wanapiga kura siku chache kabla, pale pale kazini kwao.

Msidhani alishinda kila vita. Mapendekezo yake mengine bado yamelala kwenye makabati ya watu, na moja, la kufupisha muda wa kampeni, analitaja mpaka leo kwa chai kavu. Lakini matokeo yanabandikwa milangoni, meza zimeshuka, na vijana aliowafundisha wanaandika sentensi fupi kwa kuogopa kalamu yake. Binti yake ametueleza kwamba hata nyumbani, kila harusi ya ukoo ikiisha, mama huitisha kikao cha tathmini: chakula kilichelewa wapi, mjomba aliachiwaje kipaza sauti. Mapendekezo hutolewa. Mjomba hayazingatii.

Baada ya kustaafu anajiandikisha shule ya udereva, jambo alilolitamani miaka yote. Dereva wetu ameshaomba ajulishwe siku na barabara, apange likizo yake vizuri.

Dada, kwa niaba ya Mwenyekiti, wajumbe, masjala, ghala, na sisi wa meza za jirani: ahsante. Ahsante kwa kututetea mbele ya wakubwa, na kwa kuwatetea wakubwa mbele yetu. Tunamshukuru na shemeji kwa kutuazima mkewe misimu yote ile ya uchaguzi. Mungu akupe afya, akupe usingizi mnono, na akupe siku nyingi za kuamka kwa hiari yako. Maisha mema.

Jambo moja la mwisho, na hili ni la kikazi. Kuanzia tarehe mosi mwezi ujao Bi Kwanini si mfanyakazi mwenzetu tena. Ni mwananchi. Atapanga foleni kama wengine, atatazama kila kitu, na akiona kombo ataandika. Barua yake ikifika, iandikishwe masjala siku hiyo hiyo, isomwe yote, na ijibiwe. Mwananchi ndiye tuliyeajiriwa kumsikiliza.